Nasaha kwa Watetezi wa Watu Wenye Ulemavu Baada ya Siasa Kuwavunja Moyo

Mwaka 2010, katika zama ambazo nchi yetu ya Tanzania ilikuwa ikitajwa duniani kwa fedheha kwa sababu ya wauaji waliowawinda watu wenye ualbino ili viungo vyao viuzwe kwa waganga wa uongo na wateja wao wenye tamaa, wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany, mtu mwenye ualbino, awe mbunge wao. Kabla yake, mwaka 2008, Al-Shymaa Kwegyir alikwisha kuingia Bungeni kwa uteuzi wa Rais, na uteuzi ule ulikuwa na heshima yake; lakini kura ya Lindi ilikuwa na maana nyingine, kwa kuwa ilitoka kwa watu waliopanga foleni juani, kila mmoja na siri yake moyoni, wakaridhia kwa hiari yao kwamba mtu ambaye wengine walimhesabu kuwa mzimu ndiye atakayewasemea. Miaka mitano baadaye, katika uchaguzi wa 2015, kiti kile kikachukuliwa na mwingine.

Naanza na habari hii kwa sababu namjua msomaji ninayemwandikia. Ni mwalimu wa watoto viziwi, ni mzazi wa kijana mwenye mtindio wa ubongo, ni mtu asiyeona aliyejifunga kibwebwe akazunguka kata zote pamoja na mgombea wake, huku akiahidiwa kwamba safari hii mambo yatakuwa mengine. Kisha matokeo yakatangazwa, au muswada ukalala katika kamati usiamke, au orodha ya viti maalumu ikatoka na majina ya watu wenye ulemavu yamewekwa chini kabisa, mahali ambapo hesabu ya viti haifiki, na tangu siku ile simu yake haipokelewi na moyo wake haumtumi tena kwenda mkutanoni. Kwa msomaji huyo sina maneno ya kumhimiza apige makofi na kuimba. Nina nasaha chache, na nyingi ya hizo ni za kazi.

Kwanza, huzuni ni haki yako, wala usikubali mtu akuharakishe kuimaliza. Mtu aliyeshindwa kuingia katika ofisi ya serikali kwa sababu ya ngazi, kisha akashindwa na kura ambazo zingaliweza kuziondoa ngazi hizo, ameshindwa mara mbili kwa jambo moja, na si uungwana kumwambia kwamba siasa ndivyo zilivyo. Lakini tahadhari na uamuzi unaofanywa katika siku za majonzi. Aghalabu ndizo siku ambazo vyama huvunjika, viziwi wakiwalaumu wasioona, na wasioona wakiwalaumu wenye ulemavu wa viungo kwa kupewa nafasi zote za mbele, na wote kwa pamoja wakimlaumu mwenzao aliyesimama na chama kingine. Nimeona kikundi kilichojengwa kwa taabu kubwa kikisambaratika kwa maneno ya jioni moja, na hakuna mpinzani wa nje ambaye angaliweza kukifanyia hivyo. Kama una ghadhabu, iandike, uikunje, uiweke. Barua ya kujiuzulu haiharibiki kwa kukaa mwezi mmoja katika mtoto wa meza.

Baada ya hapo ndipo linapokuja jambo ambalo hasa nataka kulisema. Wazee wetu walinena kwamba ahadi ni deni, na sisi tumezoea kuutumia msemo huo kwa maneno ya wagombea jukwaani, ambayo ndiyo ahadi dhaifu kuliko zote. Ahadi iliyo nzito ni sheria iliyokwisha kupitishwa, ikatiwa saini, ikachapwa katika Gazeti la Serikali. Na sheria ya namna hiyo haiombi kura tena, wala haijali aliyeshinda na aliyeshindwa, bali inangoja mdai. Mtetezi aliyevunjwa moyo na uchaguzi hujiona kama mtu aliyepoteza kila kitu, ilhali mkononi ana hati za madeni ambazo hajazifungua. Dawa ya deni ni kulipa, lakini sijapata kumwona mdaiwa mkubwa aliyelipa pasipo mdai kubisha hodi.

Tazama hati zilizo mikononi mwetu. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Sheria hiyo inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Fauka ya hayo, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo, na katika hiyo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Basi jiulize, ewe uliyekata tamaa kwa sababu ya mtu mmoja aliyeshindwa: je, mtaa wako una kamati? Mwenyekiti wake ni nani, na mara ya mwisho ilikutana lini? Kiwanda kilicho njiani kwako kina wafanyakazi wangapi, na katika hao ni wangapi wenye ulemavu? Kama majibu huna, kazi ya mwaka mzima imekwisha kupatikana, na hakuna mbunge anayehitajika ili uianze.

Jirani zetu wa Kenya wana hati nzito zaidi. Katiba yao ya 2010, katika ibara ya 54, inaelekeza kwamba hatua kwa hatua asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa zishikwe na watu wenye ulemavu, na ibara ya 120 imeifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Hata hivyo sheria yao ya mwaka 2003 ilikaa zaidi ya miaka 20 kabla haijapata mrithi mwaka 2025, na katika muda huo mabunge kadhaa yaliketi na kuvunjwa. Waliobaki kutoka mwanzo hadi mwisho wa muda huo ni wanachama wa vyama vya watu wenye ulemavu, si wanasiasa.

Na kama mtu atasema kwamba haya ni mambo ya nchi changa, namwomba anifuate hadi Marekani, kwa kuwa habari ninayotaka kuisimulia inafaa kujulikana na kila mtetezi anayesoma Kiswahili. Mwaka 1973, baada ya kuukataa muswada wa awali mara mbili, Rais Nixon alitia saini sheria ambayo kifungu chake cha 504 kilikataza ubaguzi dhidi ya mtu mwenye ulemavu katika shughuli yoyote inayopokea fedha za serikali kuu. Maneno yalikuwa mazuri, lakini sheria bila kanuni haina miguu, na kanuni hazikutolewa. Nixon akaondoka, akaja Ford, kanuni zikakaa mezani, akaja Carter, ambaye katika kampeni yake ya mwaka 1976 aliahidi kwamba zitatolewa. Watu wenye ulemavu walifurahi kwa ushindi wake. Kisha waziri wake, Joseph Califano, akasema anahitaji muda wa kuzipitia upya, na habari zikavuja kwamba katika kupitiwa huko zingepunguzwa nguvu. Hapo ndipo penye uchungu hasa, maana aliyewavunja moyo hakuwa adui yao bali rafiki waliyemchagua.

Tarehe 5 Aprili 1977 waliandamana katika miji kadhaa. Huko San Francisco watu zaidi ya 100, wengi wao katika viti vya magurudumu, waliingia katika jengo la serikali, wakapanda hadi ofisi za wizara ya Califano, na jioni ilipofika hawakutoka. Walilala sakafuni, wengine bila dawa zao, bila wasaidizi wa kuwageuza usiku, bila mashine za kuwasaidia kupumua walizozoea nyumbani, na mwenye nguvu za mikono akamlisha asiyeweza kujilisha. Dawa zilizohitaji ubaridi zilihifadhiwa ndani ya kisanduku kilichobandikwa kwa utepe kwenye kiyoyozi cha dirishani. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama madirishani wakazungumza kwa lugha ya alama na wenzao waliokuwa chini barabarani, wakatoa habari ambazo wenye kusikia wasingaliweza kuzitoa. Chama cha Weusi cha Black Panther, ambacho Brad Lomax, mwanachama wake mwenye ulemavu, alikuwa miongoni mwa waliokaa ndani, kilileta chakula cha moto kila siku. Ujumbe ulipopelekwa Washington kumkabili waziri, hapakuwa na basi la kuwapokea watu wa viti vya magurudumu, basi chama cha wafanyakazi wa mitambo kikakodi lori la kuhamishia vyombo vya nyumba, na wajumbe wakasafirishwa mjini humo ndani ya sanduku la lori, milango imefungwa, gizani, huku Judith Heumann, aliyekuwa kiongozi wao, akiwa miongoni mwao. Tarehe 28 Aprili Califano alitia saini, na kanuni zilitoka bila kupunguzwa.

Yapo mawili katika kisa hiki ambayo aghalabu hayasimuliwi. La kwanza ni kwamba chakula kile na lori lile havikutokea kwa bahati. Kitty Cone na wenzake walikuwa wamekwenda makanisani, kwenye vyama vya wafanyakazi na kwenye vyama vya Weusi kabla ya siku ile kufika, wakafanya urafiki wakati hawana haja kubwa, hata haja ilipofika wakawa na wa kumwita. La pili ni kwamba hawakudai sheria mpya. Walidai deni la mwaka 1973, na hilo ndilo lililowapa hoja ambayo waziri hakuweza kuijibu. Miaka 35 baada ya ushindi ule, tarehe 4 Desemba 2012, baraza la seneti la nchi hiyo hiyo lilikataa kuuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kura 61 zikiunga mkono na 38 zikipinga, zikapungua tano tu kufikia theluthi mbili, ingawa Bob Dole, mzee aliyejeruhiwa vitani na aliyepata kuwa kiongozi katika baraza hilo, aliletwa ukumbini katika kiti cha magurudumu ili wenzake wamtazame wanapopiga kura. Ilikuwa siku ya huzuni, na hadi leo mkataba haujaridhiwa huko. Lakini asubuhi ya pili yake hakuna mtelemko uliobomolewa wala mkalimani aliyefukuzwa, kwa kuwa yale yaliyodaiwa na kulipwa tangu 1977 hayakutegemea kura ya siku ile.

Kwa hiyo nasaha yangu nyingine ni hii: fungua madai yako ungali na pa kuyafungulia. Mwaka 2018 mashirika matatu, mojawapo likiwa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha hapa Tanzania, yalipeleka shauri katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, kwamba Serikali haikuwalinda inavyopasa watu wenye ualbino. Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kwenda moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo, na wengi wetu tulihuzunika sana. Lakini mashauri yaliyokwisha kufunguliwa hayakuguswa, na Februari 2025 hukumu ikatolewa, mahakama ikaona kwamba haki za watu hao zilikiukwa. Lau wale waliofungua shauri wangalisema mwaka 2018 kwamba wangoje hali ya siasa iwe nzuri zaidi, wasingalikuwa na shauri hata kidogo.

Sasa niingie katika mambo madogo, ambayo kwangu ndiyo makubwa. Katika uchaguzi mmoja nilimwona mama mtu mzima, asiyeweza kutembea, aliyefika katika kituo cha kupigia kura kilichowekwa darasani. Mbele ya mlango palikuwa na ngazi tatu. Wanawe wawili walimnyanyua, mmoja kwapani na mwingine magotini, naye mkono wake wa kulia ulishika kadi ya mpiga kura, na wa kushoto ulikuwa ukiuzuia ushungi usimdondoke mbele ya wanaume waliokuwa wakitazama. Alipiga kura yake. Nadhani kila mtu aliyekuwa pale angalisema kwamba mama alisaidiwa vizuri. Mimi nasema alivunjiwa heshima na ngazi tatu, na ngazi tatu zina hesabu yake: ngazi ya kawaida ina kimo cha kama sentimita 15, basi tatu ni sentimita 45, na kwa kipimo kinachokubalika cha mtelemko, ambacho kwa kila sentimita 1 ya kimo hudai sentimita 12 za urefu, mtelemko wa darasa lile ungekuwa wa mita 5 na sentimita 40. Ni mifuko kadhaa ya saruji, mchanga, kokoto na kazi ya fundi wa siku chache. Mlango uwe na upana usiopungua sentimita 80 ukiwa wazi. Nunua futi ya fundi, nenda katika shule, zahanati na ofisi ya mtendaji wa kata, pima, andika. Mtu anayekuja mkutanoni kusema kwamba majengo si rafiki hujibiwa kwamba jambo limepokelewa. Lakini anayekuja na karatasi yenye vipimo vya milango sita na gharama ya kila mtelemko, huyo humlazimisha diwani aseme ndiyo au hapana.

Na uende kwa wakati wake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mtu anayepeleka ombi mwezi wa Juni anaomba chakula baada ya sufuria kuoshwa. Mipango huanza kukusanywa vijijini na mitaani miezi mingi kabla. Nchini Kenya makadirio ya kaunti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kwetu halmashauri hujadili bajeti mwanzoni mwa mwaka kabla Bunge halijakaa kuijadili ile ya taifa. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hufanyika kila miezi mitatu, na muhtasari wake huandikwa. Hakikisha kwamba jambo lako limo katika muhtasari ule, kwa maneno yake kamili, na kwamba unayo nakala. Ile mikopo ya asilimia 2 ilisitishwa mwaka 2023 baada ya taarifa za ubadhirifu, ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi ambacho katika muda ule kilitupa daftari lake na kuacha kukutana, hakikuwa na cha kuwasilisha siku dirisha lilipofunguliwa tena, na madhali siasa hufunga na kufungua pasipo kutoa taarifa, daftari ndilo la kulinda.

Kuhusu mikutano yetu wenyewe nitasema kwa upole, lakini nitasema. Haifai kudai ujumuishi serikalini huku sisi tunakutana ghorofani pasipo lifti, au tunamwita kiziwi mkutanoni na kumweka karibu na rafiki yake amfasirie kwa kubahatisha. Mkalimani wa lugha ya alama alipwe, na kwa mkutano mrefu wawe wawili wapokezane, kwani mikono na akili huchoka na baada ya muda tafsiri huanza kupungua bila mwenyewe kujua. Ajenda itolewe kwa nukta nundu, au isomwe yote kwa sauti kabla ya mjadala. Na wale ambao hata ndani ya harakati zetu huwekwa nyuma, watu wenye ulemavu wa akili na wale wenye maradhi ya akili, wapewe muda wa kusema wenyewe, kwa maneno mepesi, bila mzazi kujibu badala yao. Kama vyama vyetu vya kitaifa, CHAVITA, CHAWATA na vinginevyo, viliweza kukaa chini ya mwamvuli wa shirikisho lao, SHIVYAWATA, ili sauti iwe moja mbele ya Serikali, basi katika wilaya yako pia yawezekana wenye ulemavu wa aina mbalimbali kuwa na daftari moja la madai, ambalo mwenye fimbo nyeupe analidai kwa ajili ya kiziwi, na kiziwi kwa ajili ya mwenye ualbino anayehitaji mafuta ya kujikinga na jua.

Wewe usiye na ulemavu ambaye umekuwa mshirika wetu kwa dhati, najua kwamba baada ya kushindwa unaweza kuondoka, na hakuna atakayekulaumu hadharani, kwa sababu jambo hili lilikuwa chaguo kwako. Kwa mwenzio si chaguo. Kesho ataamka na mwili ule ule mbele ya ngazi zile zile. Kwa hivyo ukichoka, sema umechoka, mwachie mtu mwenye ulemavu nafasi uliyokuwa umeishika, na ukishapumzika rudi uulize kazi iliyobaki.

Mwisho kuna yule aliyeshinda, ambaye hukumtaka. Nenda kamwone. Usingoje akuite na usingoje hasira yako iishe, bali katika wiki zake za kwanza, kabla wapambe hawajajaza sebule yake, omba miadi kwa barua, uende na wenzako wasiozidi wanne, walau wawili kati yao wakiwa wanawake. Mpe hongera, kwa kuwa ni adabu. Usimkumbushe maneno ya kampeni wala usimsomee Katiba. Mwekee mezani karatasi moja yenye madai matatu: la kwanza ni jambo ambalo sheria inamwamuru kulitenda, kama kamati ya kata ambayo haijaundwa; la pili ni jambo lenye bei inayojulikana, kama mtelemko wa mita 5 na sentimita 40; la tatu ni tarehe ya kukutana tena. Kila dai liwe na kifungu cha sheria pembeni. Mwache aseme, umsikilize, na yote aliyoyakubali yaandikwe palepale na kusomwa kwa sauti mbele ya mwenzenu asiyeona. Mkiinuka, pitieni masjala, na msitoke ofisini kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.